Tangazo Lililonikuta Eda

Watu wa Wete waliniona nacheka.

Nimepaka wanja, nina kikuba cha asmini kichwani, nimegeuza shingo kama bi harusi wa siku saba.

Na miye siku hiyo nilikuwa chumbani kwangu, nimejitanda kanga mbili za kuchujuka, sijagusa hata sabuni ya kunukia, nakaa eda ya mume wangu.

Nisomeni taratibu. Jambo hili mpaka leo halijanitoka mwilini.

Kwa jina naitwa Khairiya. Shule niliishia la saba, basi mkiona herufi zimepinda mnisamehe. Mume wangu Talib alikuwa fundi wa redio na televisheni. Alitoka asubuhi kwenda kazini kwake, adhuhuri akarudishwa kafunikwa shuka. Moyo, walisema.

Asiyejua eda nimweleze. Mjane wa Kiislamu anakaa miezi minne na siku kumi katika nyumba ya mumewe. Hatoki ila kwa dharura. Hajipambi, hajitii manukato, hana hina wala wanja. Si adhabu. Ni haki ya aliyekwenda, na miye nilikuwa radhi nayo.

Ila kuta ni kuta.

Dirisha langu likawa televisheni aliyoniachia Talib. Nikiamka naiwasha, nikilala ndio naizima. Vipindi sivifuati sana, nafuata watu wanavyotembea. Unajua mtu anaweza kukaa akatazama tangazo la mchele kwa sababu tu ndani yake kuna barabara?

Hapo nimtaje Atupele.

Ni msichana wa Tukuyu, Mkristo, anasomea uuguzi, kaletwa Pemba kwa fildi, mafunzo ya kazi hospitalini. Talib ndiye aliyempa chumba cha uani. Aliniambia, "Mtoto wa watu huyu, mwangalie." Basi nikawa namwangalia.

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima ziliingia pamoja. Nyumba moja, mifungo miwili. Mwanzo tu wa mfungo Atupele akanijia chumbani, simu yake mkononi.

"Mama, nifungie hii sandukuni."

"Imeharibika?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayeharibika."

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

Kumbe hana mzaha. Mfungo wake mwaka huo si wa chakula peke yake. Hashiki simu, hatazami televisheni, mpaka Pasaka. Kanisani kwao vijana wanatoa tafakari, na yeye kapangiwa televisheni, matangazo na mitandao.

"Siwezi kuwasema watu kwa kitu kinachonila mwenyewe," akasema.

"Na mama yako akikutafuta?"

"Nimempa namba ya kitochi chako."

Nikaitia simu sandukuni, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Tangu hapo, jioni akitoka wodini, anakaa kizingitini, mgongo kaupa televisheni, uso kanipa miye. Tunazungumza hivyo.

Siku moja tangazo la mapazia likapita, nikamwambia, "Pazia hili nikimaliza eda nalitupa."

"Lina nini, Mama?"

"Limekuwa baya."

"Wiki iliyopita uliniambia unalipenda. Tena Baba alikununulia."

Nikalitazama pazia. Ni lilelile, na maua yake yaleyale. Kilichobadilika si pazia.

"Unaona?" akasema. "Tangazo halikuuzii pazia mwanzo. Kwanza linakuuzia aibu ya ulilonalo. Na wala si lazima liseme uongo. Linakata tu. Linakuonyesha mtu anacheka, linakukatia kile alichokuwa anakichekea."

Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza maneno ya kitabuni. Sikujua nasomewa yangu.

Sasa sikilizeni habari ya pua.

Mtu wa eda pua yake ni kali, jamani. Ukikaa miezi bila manukato, anayepita barabarani unamjua katia nini. Wifi yangu Nadhira, dada yake Talib, alikuwa haachi kuja kunikalia. Na siku hizo alikuwa ananukia kitu kipya. Mwani na karafuu, na utamu fulani juu yake wa kulazimisha. Nilisikia, nikanyamaza. Mtu haulizwi manukato yake na mjane.

Asubuhi moja akaingia bila hodi.

"Ndo nini hiki, wifi? Ndo nini?"

Kanisukumia simu puani. Muziki wa ngoma na kinanda unadunda. Na katikati ya kioo, miye. Nacheka. Wanja, asmini, hereni za dhahabu.

Chini yake maneno makubwa ya rangi: "Jana tu, mteja wetu wa Pemba! Mafuta ya mwani na karafuu. Ukipaka haya, mume hatoki nyumbani!"

Mume hatoki nyumbani. Na wangu katoka juu ya jeneza.

Nikakaa chini.

"Jana, wifi!" Nadhira anatweta. "Kaka yangu hajakauka kaburini, weye ushaichekea dunia! Na ukumbini kwake humu humu?"

"Nadhira, miye sijatoka. Sijapaka kitu. Wallahi."

"Usiape, nimefunga, usinitie madhambini! Basi ni huyo Mkristo wako. Kakupiga video kakuuza."

"Simu yake imo sandukuni mwangu. Ufunguo huu hapa."

"Aa! Ufunguo hauchongwi mwengine?"

Nikamtazama. Anasema na huku macho yanakwenda ukutani, sakafuni, kwenye televisheni. Kwangu hayaji. Na yale mafuta yamejaa chumba kizima.

"Kaka Hamdan keshaiona," akasema. "Kesho baada ya alasiri anakuja. Kama umevunja eda ya kaka yetu, nyumba hii huimalizii. Kakako wa Kiuyu atakuja kukuchukua, na kila mtu ajue kwa nini."

Akaondoka.

Sasa nifikirieni. Jina langu liko nje, linatembea simu kwa simu, na miye niko ndani. Siwezi kwenda mlango wa jirani kusema si miye. Nikitoka kwenda kusema sijavunja eda, ndio nimeivunja! Ningefanyaje?

Nikasikia wasichana wanapita uchochoroni. Mmoja kaimba ule muziki wa tangazo. Wenziwe wakaangua kicheko.

"Mume hatoki nyumbaniii!"

Nikainuka nikaizima televisheni. Nikaona sura yangu kwenye kioo cheusi, ndogo, kama mtu aliyetiwa kwenye sanduku.

Atupele kurudi, nikamwambia yote. Akalia.

"Nihame, Mama. Nikihama watasema ni mimi, wewe utabaki na eda yako."

"Wakisema ni weye itakuwa uongo. Miye eda yangu siikalii juu ya uongo. Kaa."

Akafuta machozi. Akanyoosha mkono.

"Basi nipe simu yangu."

"Na mfungo wako?"

"Nilifunga macho nisitazame upuuzi. Sikuyafunga nisimwone mtu aliyebanwa. Mungu wangu tutaelewana."

Nikafungua sanduku. Akalitafuta lile tangazo, halikumpa kazi, lilikuwa limezagaa. Akalitazama. Akalirudia. Akalirudia tena, mpaka akafumba macho kabisa, simu kaiweka sikioni kama mtu anayeongea.

"Mama, hebu sikiliza. Usitazame. Sikiliza chini ya muziki."

Nikafumba macho. Ngoma, kinanda, ngoma. Halafu ngoma ikapumua kidogo, na pale katikati nikasikia mtu anakohoa.

Nikafumbua macho.

Kikohozi kile nimelala nacho miaka yangu yote ya ndoa. Talib!

Nikakumbuka hapo hapo. Idi Kubwa ya mwaka jana. Talib kaninunia asubuhi, miye nimemnunia zaidi, akachukua simu akawa ananipiga video kunichokoza mpaka nikacheka. Ndicho kicheko hicho. Kicheko cha mke na mumewe, ndani kwao. Wenye mafuta wamemkata mume, wakanibakisha miye na chupa.

Simu ya Talib nayo ilikuwa sandukuni. Tangu azikwe sijaiwasha. Niliogopa sauti yake kuliko ninavyoogopa kaburi. Tukaichaji. Namba ya siri sikupewa, lakini miye ni mtu wa kutazama, na kidole chake nilikuwa nakiona kinavyokwenda.

Tukaipata ile video. Tukaisikiliza mpaka mwisho.

Atupele akanitazama. Na miye nikamtazama.

"Mwisho huu, Mama?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Niachie miye."

Kesho yake, baada ya alasiri, Hamdan akaja. Kaka mkubwa wa Talib, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa maneno machache. Yeye akakaa ukumbini, miye chumbani nyuma ya pazia langu lile la maua, maana shemegi si maharimu. Nadhira akaingia kukaa na miye. Atupele akasimama mlangoni.

"Assalamu alaykum, shemegi. Sikuja kugombana. Nimekuja kusikia."

"Waalaykumu salaam, kaka. Basi usikie. Kutazama wametazama watu wengi mno."

Nikabonyeza.

Hakuna ngoma. Hakuna kinanda. Jogoo wa jirani, takbira za Idi kwa mbali msikitini, kisha sauti ya Talib, hai, karibu kabisa:

"Khairiya, hebu geuka! Idi yote hii weye umenuna? Geuka, mama, ntakuchinja badala ya mbuzi!"

Na kicheko changu. Na chake juu ya changu, kimeishia kwenye kikohozi.

Hapo nikaisimamisha.

Ukumbini nikasikia pumzi ya mtu mzima anayejizuia.

"Sauti yake hiyo," Hamdan akasema. "Wallahi ni Talib. Hiyo ni Idi."

"Ni Idi, kaka. Hiyo jana yao ni Idi."

"Nisamehe, shemegi. Na weye mtoto," akamwita Atupele, "nimekudhania ubaya. Nisamehe."

Ingeishia hapo. Miye nilitaka iishie hapo.

Lakini Nadhira alikuwa kakaa kando yangu, kaganda, kidole kinywani, macho kwenye ile simu, kama mtu anayesubiri kitu kianguke. Hakikuanguka.

"Mbona hukuimalizia?" akaninong'oneza.

Nikaigeuza simu kifudifudi pajani.

"Wifi, mbona hukuimalizia?" Sauti imepanda. "Unaujua mwisho wake. Kwa nini umeukata?"

"Nadhira, nyamaza, mwanamke weye."

"Sinyamazi!" Akapasua kilio, mpaka Hamdan akasimama. "Kaka, mwisho wake anasema, 'Namrushia Nadhira aone wifi yake alivyo.' Nilirushiwa miye! Wenye mafuta walitangaza mashindano, tuma video ya mwanamke wa kwenu aliyependeza upate chupa. Nikaituma. Talib yu hai bado! Nikasahau. Mwezi uliopita chupa ikaja. Nikapaka, nikajisikia mtu. Halafu juzi ndio naona tangazo, na limeandikwa jana… Nikaogopa. Nikasema nikipiga kelele mwanzo, hakuna atakayeniuliza."

Alikuwa ananukia mwani na karafuu huku analia. Harufu ile sitaisahau.

Hamdan hakumkaripia. Alisema neno moja tu, "Kwa chupa, Nadhira?" Akavaa makubadhi yake akatoka.

Nadhira kaniangukia magotini. Nikamshika kichwa. Ningemfanya nini? Yeye naye kafiwa na kaka. Yeye naye alitaka mtu amwone.

Baadaye Atupele akaniambia, "Mama, na wewe umekata, sawasawa na wao."

"Nimekata, mwanangu. Ila wao walikata wapate kuuza. Miye nilikata nipate kumsitiri mtu. Na aliyesitiriwa akasimama mwenyewe."

Akafikiri. "Hiyo naitia kwenye tafakari yangu," akasema. Akanirudishia simu yake, nikaifunga tena sandukuni mpaka Pasaka.

Alipokwenda kuisoma mbele ya wenzake, aliporudi nikamuuliza wamesemaje. "Wamenyamaza," akasema. "Halafu mmoja akatoa simu kunipiga picha." Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Nadhira aliwaandikia wenye mafuta waliondoe tangazo, akawaeleza kuwa huyu ni mjane, na sauti iliyokatwa ni ya maiti. Wakamjibu, "Asante mpendwa, karibu ujipatie chupa ya pili." Na kijimoyo chekundu.

Eda yangu imekwisha. Nimekoga, nimetoka, nimekwenda sokoni. Muuza samaki kanikodolea macho. "Bi mkubwa, si weye yule wa mafuta?" Kila nikienda yupo wa kuniuliza.

Nimeandika haya kwa simu ya Talib, na Nadhira kakaa hapa ananisomea, karidhia yote. Ninachotaka kwenu ni kimoja. Ukimwona mtu anacheka kwenye kioo chako, kabla hujamrusha kwa mwenzio, jiulize alikuwa anamchekea nani, na huyo kakatwa wapi.

Maana miye eda nimetoka. Uso wangu bado umo ndani, unacheka, na mume wangu anakohoa chini ya ngoma, na hakuna anayemsikia.