Pasi na Mistari Mitupu

Tulimwita Pasi kwa sababu alipiga pasi kila kitu, mpaka soksi. Siongezi chumvi. Siku yake ya kwanza kazini alivua viatu chini ya meza, nikaziona soksi zina mkunjo ulionyooka kama suruali ya bwana harusi. Nikajisemea moyoni, mwezi hauishi huyu atakuwa ameshatutia wazimu. Nilikosea hesabu ya mwezi tu: wiki ilitosha.

Mimi pale kazi yangu ni kuchomoa umeme. Usicheke. Tunatengeneza vikasha vya kompyuta vya kuhifadhia mafaili ya maofisi, na lazima awepo mtu wa kuhakikisha kwamba umeme ukikatika ghafla faili la watu halipotei. Basi navisubiri vikasha vikolee kazi, halafu nachomoa waya kama nang'oa jino. Kikasha kikiwashwa tena kinasoma shajara yake. Shajara ni mahali ambapo kikasha huandika kwanza kile kinachotaka kufanya, kabla hakijakifanya, ili kikizimia katikati ya kazi kikizinduka kijue kiliishia wapi. Mume wangu angekuwa nayo moja ningelala usingizi mzuri.

Sasa huo msimbo wa shajara, yaani maandishi yanayokiambia kikasha la kufanya, uliandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, kila mmoja na malezi ya kwao. Unafanya kazi vizuri sana. Lakini kuutazama, jamani! Nafasi tupu zimeachwa mwishoni mwa mistari bila kazi yoyote, mistari mitupu imerundikana mitatu mitatu, huyu kaanzia karibu na ukingo, yule kaanzia katikati ya ukurasa kana kwamba anamkimbia mtu. Hakuna aliyejisumbua kuusafisha kwa sababu kikasha chenyewe hakijali. Kwake nafasi tupu ni hewa.

Pasi alikuwa akijali. Alikuwa mtu mzima mwenye kipara na watoto, si kijana wa juzi. Miaka yote alikuwa akiuza magodoro katika duka la baba mkwe wake, akisoma kompyuta jioni jioni, mpaka siku moja akaaga. Shemeji yake, kaka wa mkewe na msimamizi wa duka, akamwambia mezani mbele ya familia nzima: "Nenda. Utarudi, na ukirudi utaniita bosi." Haya yote alitusimulia mwenyewe, tena wakati wa chai, maana Pasi alikuwa hana siri. Alichukuliwa kwetu kwa majaribio, na sote tulijua kwamba majaribio yakimshinda ni kurudi kwenye magodoro kumnyenyekea shemeji.

Na yalikuwa yanaelekea kumshinda. Ukimpelekea kazi yako aikague, hakwambii kama imekosewa au la. Anakwambia, "Dada, hapa umeacha nafasi mbili." Alimwambia hivyo hata Mkuu wetu, mtu ambaye huzungumza kama anameza kidonge kichungu. Mkuu akamtazama, akameza.

Kesho yake akamwita mbele yetu. "Ndugu yangu, kwa kuwa unapenda kufagia, kafagie shajara. Usiguse kitu kingine. Ijumaa nalinganisha. Zikifanana, unabaki. Zisipofanana, tutaagana vizuri."

Kulinganisha maana yake ni hii. Unatengeneza programu kutoka kwenye msimbo mchafu, unatengeneza nyingine kutoka kwenye msimbo uliofagiwa, unaziweka ubavu kwa ubavu. Kwa kuwa umeondoa hewa tu, lazima ziwe mapacha. Zikitofautiana hata kwa chembe, wewe hukufagia, umevunja vyombo. Huo ndio utaratibu wetu na hauna mjadala.

Wiki ile Pasi alifagia kwa raha zake. Alikuwa akiimba, na sauti hana! Nilimtupia kifutio mara mbili, akashukuru akakipanga mezani pamoja na kalamu. Kila mstari mtupu alioufuta ulimtoa tabasamu.

Ijumaa Mkuu akalinganisha, sote tumesimama nyuma yake. Skrini ikasema hazifanani.

"Rudia," Pasi akasema.

Mkuu akarudia. Hazifanani.

"Pole, ndugu yangu," Mkuu akasema, na kusema kweli hakufurahi kama nilivyotarajia. Akaenda zake ofisini kwake. Pasi akabaki ametoa macho. Halafu akaanza kukusanya vitu vyake, na hata hapo, maskini, alikuwa akivikunja.

Mimi nilishikwa na hasira, sijui hata ya nani. Yule mtu alikuwa akinichosha, lakini alikuwa wetu wa kutuchosha. Nikaubeba huo msimbo wake uliofagiwa, nikautia kwenye kikasha, nikachomoa waya kwa nguvu mpaka soketi ikatikisika. Nikawasha. Kikazinduka, kikasoma shajara, kikarudisha kila kitu. Nikakiharibia shajara kwa makusudi, kama ninavyofanya kila siku, ili nione kama kitagoma. Kikagoma kama mtoto mwenye adabu, kikatoa lalamiko lake: kuna kosa, mstari namba fulani.

"We Pasi! Hebu njoo."

"Niache, dada."

"Njoo nimesema! Hili lalamiko nalisoma kila siku ya Mungu, namba yake naijua kuliko ya simu ya mama yangu. Leo imepungua."

Akaja taratibu. Akaitazama skrini. Akajipiga kofi la kipara, paa!

Ilikuwa hivi. Kikasha kikilalamika hutaja namba ya mstari wa msimbo ulipo ugomvi, na namba hizo zinaingizwa ndani ya programu yenyewe wakati wa kuitengeneza. Pasi alipofuta mistari mitupu, yote ya chini yake ilipanda juu, namba zikabadilika, programu nazo zikaacha kuwa mapacha. Hakuwa amevunja hata kijiko. Alikuwa amefagia kupita kiasi, na sote tuliosimama pale kwa macho makavu hatukukumbuka.

Tukaenda kwa Mkuu. Akasikiliza, akameza. "Sawa. Lakini wateja wanatutumia malalamiko yenye namba hizo, na utaratibu ni utaratibu. Nafasi za mwishoni, ondoa. Mistari mitupu, irudishe. Yote. Kisha nitalinganisha."

Weee! Ungeiona sura ya Pasi. Ni kama ameambiwa amwage taka sebuleni kwake. Alikaa akairudisha mmoja mmoja, mitatu mitatu, akifumba macho kila anapobonyeza. Safari hii hakuimba. Nilikaa karibu naye nikimhesabia.

Zikafanana. Mapacha kabisa.

"Utabaki," Mkuu akasema. "Na meza yangu usiiguse."

Tukampigia makofi, tukampigapiga mgongoni. Pasi akatoka ukumbini kumpigia simu mkewe, mlango ukabaki wazi, na mimi masikio sikuyaziba.

"Mama watoto, nimebaki! ... Ndiyo, nimebaki. ... Jumatatu? Jumatatu ipi?" Akageukia ukuta. "Ulimwambia lini? ... Kabla hata ya leo?"

Akarudi ndani. Akavuta kiti akakaa.

"Mke wangu alikuwa ameshakwenda kuniombea nafasi yangu dukani," akasema. "Kwa kaka yake. Amepokea hadi funguo, nianze Jumatatu. Wiki nzima, kila jioni, alikuwa akiniuliza kazi inakwendaje, na funguo zimo kwenye mkoba wake."

Iliniuma, nisikufiche. "Sasa umemwambiaje?"

"Nimemwambia akazirudishe mwenyewe."

Akawasha kompyuta yake, akaniuliza kama nina msimbo mwingine wowote mchafu. Nikampa wa kwangu.