Sufu, Mbwa Aliyeshindwa Mtihani wa Baba

Mbwa wa kwanza niliyempakata maishani mwangu alinukia poda ya watoto. Poda, jamani! Mbwa niliowajua mimi pale Mkolani walinuka vumbi, matope na vichwa vya samaki, na hakuna mtu mwenye akili zake aliyewahi kufikiria kuwapakata. Walilala nje, walikula makombo, walibweka, basi. Nami nilikuwa na miaka kumi, niko darasa la nne, na nilizamisha pua kwenye yale manyoya yaliyojisokota nikavuta ile harufu kwa nguvu zote. Ilikuwa ile miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa na Mwanza imechangamka kama nyumba yenye harusi. Mitumba ilimwagwa barabarani, kila wiki duka jipya, na viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni mwa ziwa. Baba alikuwa dereva wa lori la barafu katika kiwanda kimojawapo. Alikuwa amenunua redio kaseti kubwa yenye spika mbili, na tangu jirani yetu aibiwe ya kwake, baba hakuwa analala vizuri. Alitaka mbwa wa kulinda.

Bahati ikaja kwa njia ya ajabu. Fundi mkuu wa mitambo ya kiwandani, Mzungu, alikuwa anarudi kwao na familia yake, na mbwa wao alikuwa na watoto wanne. Mke wake aliwaambia madereva kwamba anayetaka achukue mmoja. Wenyewe waliwaita mbwa hao pudeli. Baba alinipandisha kwenye lori tukaenda, na njia nzima sikufunga mdomo. Tulipofika nikawaona wale watoto wanabiringika kwenye majani, vichwa vya mviringo, nywele za kipilipili kama zangu mwenyewe, nikapiga kelele mpaka baba akaniambia nijiheshimu. Kwa baba, mtoto wa mbwa ana mtihani mmoja tu: unamshika ngozi ya shingo, unamwinua juu. Akinyamaza, huyo ni jasiri, chukua. Akilia, huyo ni mwoga, achana naye. Watatu walinyamaza. Wa nne, mdogo, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, alilia kama anachinjwa. Baba alipomweka chini, alikimbia moja kwa moja akajificha chini ya gauni langu, anatetemeka. Basi, mimi nikawa nimeshachagua.

Baba alikataa katakata. Mimi nikalia, nikakaa chini, nikashika nyasi. Yule mama wa Kizungu akacheka, akamwambia baba maneno mengi ambayo hatukuyaelewa vizuri. Alichezesha vidole viwili kama mkasi, akapitisha mkono mbele ya macho yake, akatikisa kichwa. Baba akanitafsiria kwa uhakika wote wa mtu asiyejua: "Anasema usije ukamkata nywele huyu. Ukimkata, atakufa." Kisha akatoa hukumu. "Haya, mchukue. Lakini Krismasi ikifika hajabweka hata mara moja, anaondoka. Mimi sifugi pambo." Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, na mama alinikumbusha hivyo nilipoingia nyumbani na kile kitoto kifuani, lakini hakuna aliyeweza kunishusha siku ile.

Nilimwita Sufu. Asubuhi kabla ya shule nilimpa uji, jioni nilimchambulia mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kukatwa, mwiba mmoja mmoja, kwa sababu niliogopa asije akakabwa. Nilimwogesha kwa sabuni ya mche na kumchana kwa chanuo la mama, ambalo mama alilitafuta wiki nzima. Mtaa mzima ulikuja kumwona. Wengine waliuliza kama ni kondoo. Kijana mmoja wa duka aliniambia nikimlisha vizuri tutamla Pasaka, nikamrushia kandambili. Nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Shuleni niliandika jina lake pembeni mwa daftari la hesabu, na kengele ya mwisho ikilia nilikimbia njia nzima mpaka nyumbani.

Tatizo ni kwamba Sufu alikuwa habweki. Nywele zilikua, zikakua, zikafunika masikio, zikafunika uso, zikashikana mabonge mabonge ambayo chanuo lilishindwa, nasi hatukuthubutu kugusa mkasi. Akija mgeni, Sufu alimfuata kwa pua na kumlamba miguu. Akija muuza mkaa, hivyo hivyo. Aligonga ndoo, aligonga kuni, siku moja aliingia kichwa kichwa kwenye sufuria ya maharage, na baba akatikisa kichwa akasema tumefuga mjinga. Usiku nilijifunza kubweka mimi mwenyewe, chini ya shuka, nikitumaini atanisikia na kuiga. Aliyenisikia ni mama. Desemba ilipoingia nilianza kuhesabu siku kwenye kalenda ukutani kila asubuhi.

Siku mbili kabla ya Krismasi baba alitangaza kwamba Mzee Masalu, mvuvi wa Nyegezi, angekuja jioni kumchukua. Alihitaji mbwa wa kukaa na nyavu zake ufukweni. Ufukweni! Sufu wangu, kwenye baridi na mvua! Nililia mpaka sauti ikakauka, kisha nikafanya jambo moja tu nililolijua. Kwetu mtoto akitaka kusafiri anasukwa, ili akifika asiseme mtu kwamba hana kwao. Nikambeba Sufu mpaka kwa shangazi Nyabise, dada yake baba, aliyekuwa amefungua saluni ya chumba kimoja karibu na barabara kubwa.

"Shikamoo, shangazi. Naomba umsuke Sufu. Anasafiri."

"Marahaba. Mungu wangu, nimsuke mbwa?" Wateja waliokuwa wamekaa na rola kichwani waliangua kicheko. Lakini shangazi aliniona macho yalivyovimba. Akamweka Sufu kwenye kiti cha mteja, akajaribu kuchambua bonge moja, la pili, akasonya. "Hizi hazisukiki. Hizi ni za kukata."

"Baba alisema akikatwa atakufa!"

"Baba yako alisomea wapi udaktari wa mbwa?" Akachukua mkasi. Nilifumba macho nikaomba Baba Yetu yote. Nilisikia kwacha, kwacha, halafu mkasi ukawekwa chini. Nilipofumbua, Sufu alikuwa ananitazama. Alikuwa na macho! Makubwa, rangi ya chai ya rangi, yananitazama mimi usoni kama aliyenisikia miezi yote bila kujua nikoje. Shangazi alisema taratibu, "Maskini, kumbe mtoto wa watu alikuwa haoni." Ndipo nikauelewa ule mkono wa yule mama wa Kizungu uliopita mbele ya macho.

Nilikimbia naye nyumbani nikipiga kelele njia nzima. Mzee Masalu alikuwa ameshafika, amesimama uani na baba, kamba mkononi, koti lake refu la mvua begani. Nilimwamkia nikihema, akaitikia, akainama amshike Sufu. Sufu akamtazama. Akaitazama ile kamba. Akarudi nyuma mpaka kwenye miguu yangu, akatetemeka mwili mzima, akabweka. Sauti nyembamba, ya kukwaruza, lakini alibweka, akabweka tena, hakunyamaza, na Mzee Masalu akaruka nyuma akakanyaga beseni la mama. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Baba alicheka mpaka akakaa kwenye kinu. Kisha akaacha kucheka, akamwita Sufu, akamshika kidevu na kumwangalia machoni kwa muda mrefu.

"Tumemwita mjinga miezi sita," alisema, "na hakuna hata mmoja wetu aliyemwangalia." Akamwomba radhi Mzee Masalu, akamkaribisha chai.

Sufu aliishi nasi miaka tisa na hakukamata mwizi hata mmoja. Leo nina nyumba yangu, ukuta mrefu, geti la chuma, na mbwa mkubwa mweusi ambaye marehemu baba angempa alama zote. Mchana yuko bandani, usiku tunamfungulia, na anabweka hata jani likianguka. Chakula anasukumiwa kwa chini ya mlango wa banda. Juzi binti yangu alikuwa anamchora kwa ajili ya kazi ya shule, akaniuliza apake macho rangi gani. Nimemlisha mbwa yule miaka minne, na ilibidi nitoke niende bandani kumtazama.