Fundi Aliyekataa Kuunda Bunduki

Habari nilizipata kwa binti wa marehemu, kwa ujumbe mfupi usio na mapambo: baba amefariki jana mchana, tunazika leo alasiri, alisema ujulishwe. Niliusoma mara mbili. Kabla sijajibu, simu ikaanza kutetemeka kwa ujumbe wa kundi letu la watu tuliowahi kufanya kazi Doha, na huko ndiko nilikochefukwa. "Pumzika kwa amani, mtengeneza bunduki wetu." "Tumepoteza injinia wa silaha." Mmoja akabandika picha ya bunduki na maua mawili pembeni. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanamlilia mtu kwa kazi ambayo hakuifanya hata siku moja ya maisha yake. Nusu yao hawakuwahi hata kumpa mkono. Safu ya leo naiandika kuwasuta, na nikimaliza kuwasuta wao nitajisuta na mimi, maana uwongo ule una mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu anayekuandikieni.

Marehemu alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, mchache wa maneno, aliyemaliza utumishi wake jeshini katika karakana ya silaha. Kazi yake huko ilikuwa moja tu. Bunduki iliyokwama, iliyolegea au iliyoshika kutu ililetwa mezani kwake, naye aliirudisha ikiwa nzima. Alipostaafu akaja Doha kutafuta udereva, kwa sababu bintiye wa mwisho alikuwa ameingia chuo cha uuguzi, na yeye alikuwa amejiapiza kubaki ugenini mpaka amwone kavaa sare ya unesi. Hakuja kutafuta kingine chochote. Mimi miaka ile nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya kuleta wafanyakazi kule Al Mansoura, ghorofani, juu ya duka la mshona mabaibui. Mtoto wa Unguja, nimekaa madrasa, na Kiarabu changu cha kitabuni kilinipatia kiti cha kuzunguka na jina la Ustadh. Nilikipenda kile kiti kuliko nilivyostahili kukikalia.

Siku moja akapanda ngazi zetu mzee mmoja wa Kikatari kutoka Muaither, mpenzi wa kozi, wale ndege wa kuwindia, na wa uwindaji wenyewe, mwenye bunduki zake za kuwindia na vibali vyake. Alikuwa akitafuta dereva mtu mzima aliyetulia. Nikamwita marehemu, nikamtambulisha kuwa mstaafu wa jeshi. Mzee akauliza: jeshini alifanya kazi gani? Marehemu akajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: "Nilikuwa natengeneza bunduki."

Sasa wewe unayesoma hapa umeshaelewa. Mtu akikwambia gari lake liko kwa fundi linatengenezwa, huulizi kiwanda kiko wapi. Lakini mama akisema anatengeneza sharubati, unajua haikuwepo mpaka alipoishika yeye. Sisi neno moja linatutosha kwa kuunda na kwa kurekebisha, na tunaelewana tu. Waarabu hawana mchezo huo. Wanalo neno la kuunda, lile lililotuzalia sisi sanaa, na wanalo la kurekebisha, lile lililotuletea suluhu, na ukichagua moja umelifunga la pili. Nilipaswa kumgeukia marehemu na kumuuliza swali dogo kabisa: kutengeneza kupi, fundi? Sikumuuliza. Mkalimani anayeuliza anaonekana hajui, na mimi pale kitini sikuwa tayari kuonekana sijui, tena mbele ya mgeni aliyevaa kanzu nyeupe kuliko karatasi zetu. Nikachukua neno la kuunda. Uso wa mzee ukanawiri, akamchukua marehemu siku ile ile, na mimi nikajipongeza.

Na hebu niseme ukweli, sikuwa peke yangu katika biashara hiyo ya kupandisha watu vyeo kwa ulimi. Doha ile kila mmoja wetu alikuwa na cheo kilichozaliwa angani. Mkaanga chapati aliondoka kwao mkaanga chapati, akatua uwanja wa ndege akiwa shefu. Mlinzi wa mlango alikuwa ofisa usalama. Bwana mmoja aliyewahi kubeba ngazi ya fundi umeme aliandikwa fundi mkuu, akakaribia kuunguza jumba la watu. Tuliona ni ujanja na tulichekeana. Hakuna aliyetaka kuitwa mrekebishaji, maana kwetu anayerekebisha ni mtu wa pembeni mwenye mikono ya grisi, na anayeunda ndiye mtu. Upuuzi mtupu. Nimeishi miaka ya kutosha sasa, na vitu vyote ninavyovitegemea, kuanzia paa la nyumba hadi meno yangu, vimesimama kwa hisani ya watu waliorekebisha kilichoharibiwa na wengine.

Ikapita kama miezi minane. Yule mzee wa Muaither akaingiwa na hamu ya bunduki mpya, ya nusu otomatiki, zile zinazojipakia zenyewe na kutoa risasi moja kila ukivuta kifyatulio. Alitaka ya kuaminika, isiyomkwamia. Angeenda dukani akanunua, mambo yakaisha. Lakini alikuwa na mpwa wake aliyerudi masomoni ng'ambo, kijana wa kutazama video, akamjaza maneno kwamba za dukani ni za kila mtu, na kwamba mwanamume anayejijua huagiza kipande kimoja kimoja akaundiwa ya kwake. Mzee akacheka, akasema kwa nini aagize fundi ilhali fundi yuko nyumbani mwake anaendesha gari.

Habari ikafika Al Mansoura kabla ya marehemu mwenyewe kuipata vizuri. Siku za Ijumaa tulikuwa tunakusanyika mkahawani kwa maharage na chapati, na Ijumaa hiyo meza nzima iligeuka baraza la vita. Kununua au kuunda? Msemaji mkuu alikuwa Mkenya mmoja, mlinzi wa duka la manukato, ambaye silaha yake ilikuwa filimbi. "Buda, hiyo kitu unajijengea tu," alimwambia marehemu. "Unaagiza paati moja moja, unafiti mwenyewe. Kununua ni ya wasee hawajui." Wengine wakaitikia. Watu ambao bunduki wameiona mkononi mwa askari wa benki, tena wakiwa upande wa pili wa barabara, wakachambua mitutu na vitako kama wanaochagua samaki. Marehemu alimaliza chapati yake, akajifuta mikono, akamuuliza yule Mkenya swali moja: "Ikikwama, wewe utakuwa wapi?" Meza ikacheka, na Mkenya akaendelea na hotuba yake.

Tulipotoka nje akanivuta pembeni. "Ustadh, mzee ananitaka nimuundie bunduki. Nani kamwambia mimi naunda bunduki?" Nikatazama magari. Nikamwambia huenda ni kutoelewana tu. "Basi twende ukanieleweshee," akasema. "Kiarabu changu mimi ni cha kulia na kushoto. Na huku mgeni akikutwa na vipande vya silaha mezani, hakuna atakayemsikiliza. Mwanangu amebakiza miaka miwili, kaka. Miwili tu." Nikaitikia. Nisingeweza kukataa, na wala sikuwa na nia ya kusema kweli. Niliona nitalipitisha jambo katikati kwa maneno laini, kama nilivyozoea.

Tulikwenda baada ya swala ya alasiri. Mzee alikuwa kwenye majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni wanaume, na wageni watatu na mpwa wake. Tukapewa kahawa. Marehemu akaanza kueleza nami nikifasiri, na hapo kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza mfululizo. "Mwambie bunduki ya kiwandani imejaribiwa ikiwa nzima, na walioijaribu ndio walioiunda. Ikimsumbua ana mlango wa kuirudisha. Hii ya kuunganisha, kila kipande kitakuwa kizuri kikiwa peke yake, na hakuna kipande kinachomjua mwenziwe. Nimepokea mezani bunduki za namna hiyo, zimeungwaungwa na watu wajuaji, na baadhi yake aliyezileta alikuja mkono umefungwa bendeji. Mwambie anunue. Anunue mpya, anunue kwa wenye kibali, na risasi atumie zile alizoambiwa. Akishanunua, kuitunza nitamfundisha mwenyewe."

Nilifasiri vizuri, najipa hilo. Mpwa akacheka puani. Mgeni mmoja akatikisa kichwa, kama anayekubaliana na dereva na hataki kuonekana. Mzee hakukasirika, alikuwa amechanganyikiwa kwa haki yake kabisa. Akaweka kikombe chini, akanigeukia mimi. "Ustadh, siku ile ofisini wewe ndiye uliyenifasiria. Alisema anaunda, au mimi sikusikia vizuri?"

Hapo ndipo nilipoulizwa. Jibu lilikuwa fupi: hapana ami, alisema anarekebisha, kosa ni langu. Mzee angecheka, pengine angelalamika kwa bosi wangu, pengine ningekipoteza kile kiti. Marehemu angerudi kwenye usukani wake. Nilitazama zile kanzu, nikamtazama yule mpwa mwenye tabasamu la kudharau, nikasema, "Ndivyo alivyosema, ami." Mzee akakisogeza kikombe chake kando. Kisha akasema, kwa upole ulioniumiza zaidi, kwamba basi mtu huyu ama ni mwongo ama ni mkaidi, na yeye hawezi kumkabidhi watoto wake garini mtu wa namna yoyote kati ya hizo mbili.

Nje, karibu na geti, marehemu alisimama akifunga vifungo vya shati. "Nimesikia sanaa," akaniambia. "Ameitamka yeye alipokuuliza, na wewe ukaikubali. Sanaa naijua, Ustadh." Nikasema Kiarabu ni kigumu, fundi. Akasema, "Kiarabu hakina kosa lolote." Hakunitukana, na sikumsikia akiniongelea vibaya kwa mtu. Kabla ya Ijumaa nyingine viza yake ilifutwa, akapanda ndege. Mkahawani yule mwenye filimbi akatoa hukumu kwamba angejenga tu yangekwisha, na wenzake wakakubali kwamba jamaa alikuwa injinia mkubwa mwenye kiburi. Miongoni mwa wanaomlilia leo kwa picha za maua wamo hao hao.

Mwataka kujua bunduki iliishia wapi? Yule mpwa alikuja ofisini baadaye kutafuta dereva mwingine. Nikamuuliza. Akasema mjomba alinunua dukani, ikiwa kwenye kasha lake, na tangu hapo haijamkwamia, anaisifu kila mkutano. Aliyasema hayo bila haya, huku anapekua picha za madereva. Mimi nikaandika fomu.

Nilirudi nyumbani miaka mingi baadaye, Doha ikiwa imeota majengo mapya kila upande, na ofisi yetu imefungwa. Safari moja ya kikazi ikanipeleka Tabora, nikamtafuta. Nilimkuta barazani kwake akirekebisha cherehani na pampu za wakulima, mikono ile ile ya grisi. Alinipokea, akanipa kiti, akamwita bintiye yule wa mwisho alete chai. Binti akaja na khanga yake kiunoni, akanisalimia shikamoo, akarudi ndani. Niliuliza, kwa ujinga wangu, anafanya kazi hospitali gani? Akasema hakumaliza. Aliacha mwaka ule baba yake aliporudi, akaolewa, akaachika, yupo.

Tukazungumza ya dunia. Kisha akatoa kwenye droo karatasi ya maelezo ya pampu ya maji ambayo mtu alimletea kutoka Maskati, yote Kiarabu, akaniomba nimsomee. Nikasoma, mstari kwa mstari, mpaka nikafika kwenye neno moja kuhusu kufunga au kukaza, nikaona linaweza kumaanisha hili au lile, na ukikosea unapasua mashine. Nikalirudia mara mbili. Nikasema, "Hapa sina hakika, fundi. Sitaki kukudanganya."

Aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi, bila hasira yoyote. "Neno hilo ungelisema kule majlisi, Ustadh, huyu aliyekuletea chai angekuwa nesi." Halafu akanisogezea sahani ya mihogo, akasema tutampigia simu mwenye pampu tumuulize.

Ndugu msomaji, ukiulizwa usilolijua kwa hakika, sema hujui hapo hapo, na umwambie huyo huyo unayemwogopa. Mimi nilichelewa. Nilipojifunza kulisema neno hilo, lilinisaidia kusoma karatasi ya pampu tu.