Tulikuta Mawe Yamesimama

Shule niliiacha darasa la tatu, na sijawahi kuililia. Kusoma na kuandika kulinitosha; mengine nilifundishwa na nyundo ya kuchonga mawe. Kwa mikono hii nilijenga nyumba za watu kutoka Rangwe hadi Karungu, nikanunua ng'ombe wa kuoa bila kumpigia mtu magoti. Kwa hiyo ile miaka ya tisini, ofisi ya makumbusho ilipotafuta mtu wa kuzunguka na baiskeli akitunza kumbukumbu za mahame ya upande wetu, hawakunifanyia hisani. Walitaka mtu anayejua kuta. Wakanipata.

Kila mahali palikuwa na kadi yake: mapango ya kule Ntimaru, vilima vya majivu kando ya ziwa, na yale maboma ya mawe ya watu wa kale ambayo sisi tunaita ohinga. Nilikwenda, nikaangalia kama ukuta umebomoka, kama mtu amebeba mawe akajengee choo, nikaandika. Watu walinificha vitu. Waliamini serikali ikishaandika jiwe, inachukua shamba.

"Hapa hakuna kitu," mama mmoja aliniambia, na amekalia jiwe la kusagia la watu waliokufa kabla nyanya yake hajazaliwa.

"Basi inuka, mama, nikione hicho hakuna kitu."

Alicheka mpaka akainuka.

Kadi iliyoniletea vita ilikuwa ya ohinga ya kwetu wenyewe, iliyo kilimani juu ya boma la marehemu baba. Pale wanapouliza ni nani alijenga, nilikuwa nimeandika: Hawajulikani. Wazee wetu walikuta mawe yamesimama. Iliandikwa hivyo na hakuna aliyejali, mpaka wapimaji wa ardhi walipokuja. Hapo ukoo wetu na ukoo wa ng'ambo ya mto wakaanza kugombea kilima, kila mmoja akidai kuwa babu yake ndiye aliyejenga.

Mwaka huohuo nilikuwa tayari kuanzisha boma langu. Kwetu Wajaluo mtu haamki tu akahama. Baba ndiye anakutangulia kwenye kiwanja kipya, nyinyi mnamfuata na jogoo, shoka na moto. Baba yangu akiwa kaburini, aliyebaki wa kunitangulia alikuwa baba mdogo peke yake. Akikataa, unazeekea kwenye kibanda chako cha ujana karibu na lango la baba, na wanao wakikutazama.

Akaja, akaketi.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo kadi badilisha. Andika babu yako ndio alijenga."

"Baba, si ni wewe uliniambia tulikuta mawe yamesimama? Tukichunga mbuzi palepale langoni."

"Wakati huo hakukuwa na wapimaji."

"Kwani mawe yamejua wapimaji wamekuja?"

"Usinichezee! Wale wa ng'ambo wanasema ni babu yao. Babu yao! Mtu aliyeangukiwa na kibanda cha kuku!"

"Na wetu alijenga na udongo, mvua ikabeba. Mimi ni fundi, baba. Siwezi kumpa mtu ukuta ambao hakujenga."

Alichukua fimbo yake, akasimama.

"Basi siku ya kuhama, hiyo kadi ikutangulie. Na jogoo ibebe yenyewe."

Paa la kibanda lilikuwa linavuja. Mke wangu alisogeza sufuria chini ya tone, akaniangalia. Sikubadilisha.

Wale wa ng'ambo waliposikia nimekosana na wangu, wakaja wakivuta kondoo. "Ndugu, umetupwa na watu wako. Tuandike sisi." Niliwaambia huyo kondoo ana akili kuliko wao, maana yeye alikuwa akivuta kurudi nyumbani. Waliondoka wakinitukana hadi mtoni.

Siku ya baraza pale kilimani, mpimaji aliniita nisome kadi. Nikasoma kwa sauti, koo zote mbili zikiniangalia kama mwizi. Kilima hakikupewa mtu. Kikabaki cha umma, na mawe yake. Vijana wetu walinizomea. Baba mdogo hakuzomea. Alikuwa amewageukia wale wa ng'ambo, akiangalia walivyoinamisha vichwa.

Mavuno yalipita. Kisha alfajiri moja alisimama mlangoni, jogoo kwapani.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sijaomba."

"Najua. Shika huyu. Mwambie mke wako alete moto."

Alitangulia, mimi na jogoo nyuma, kifungua mimba wangu na shoka, mama yake na moto. Tulipopita chini ya ohinga alipunguza mwendo, akanyoosha fimbo juu.

"Ule upande wa lango umeanza kulegea. Andika."

"Nilishaandika," nilimwambia.