Roshani ya Kizuka

Nyumba yenyewe ilikuwa boksi la sabuni. Niliikata mlango mmoja na madirisha, nikaiwacha wazi upande wa nyuma ili mkono wa mtoto upate kuingia, halafu nikapandisha boksi jengine dogo juu yake ikawa ghorofa. Mjukuu wangu alikuwa ameona ghorofa mjini Chake, upande wa Gombani, siku baba yake alipomchukua kutazama mpira, na tangu hapo nyumba ya chini haikumtosha tena. Paa niliezeka kwa vipande vya makuti. Kuta nilizitia fito za upongoo, nikazishikiza kwa miiba ya mlimau. Tangu udogo wangu hiyo ndiyo misumari yetu ya kuchezea. Msumari wa dukani hupasua upongoo, mwiba haupasui.

Upongoo ninaousema ni wa mti wa mwale, ule ubavu mnene wa kuti lake. Ni mwepesi na laini, unakatika kwa kisu cha vitunguu. Sie watoto wa Shumba, huku Pemba, hatukuwa na kitu chengine cha kuchezea. Tulitengeneza vitanda, milango, mabakuli, na wanasesere tukawafunga kwa matambara, bila ya macho wala mdomo, kwa kuwa wazee hawakutaka sura ndani ya nyumba. Wenzangu wa wakati ule nawakumbuka wote kwa majina, na majina ya mama zao, na ya wale wanasesere wao pia. Hapa siandiki jina la mtu. Ninayoyaeleza yametokea juzi tu, na wenyewe tunaonana kila tukifika mferejini kuchota maji.

Nilikuwa Micheweni, nyumbani kwa binti yangu wa mwisho, na sikwenda kwa matembezi. Mumewe aliugua tumbo, akachukuliwa hospitali, akarudishwa maiti. Binti yangu akaingia edani mle mle ndani ya nyumba ya mumewe, kama inavyotakiwa, miezi minne na siku kumi. Mwanamke aliye edani twamwita kizuka. Havai rangi, hajipaki mafuta ya kunukia, haoni wanaume wa kando, hatoki bila ya dharura. Mie nilihamia pale kupika na kumwangalia mtoto wao, mjukuu wangu huyo wa kike, ambaye alikuwa darasa la kwanza na maswali yake hayana mwisho.

Tulikuwa na mtu mwengine ndani ya nyumba, shangazi wa marehemu. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki kwa uzazi, na marehemu, mtu mzima vile, alimwita mama mpaka siku ya mwisho. Sote pale tukimwita Bi Mkubwa. Alikuja siku ya maziko na kanga mbili ndani ya mkoba, akasema ataondoka eda ikisha.

Bi Mkubwa ndiye aliyechagua chumba. Alichagua cha mbele, chenye dirisha moja linalotazama njia, na lile dirisha akalifunga, akalipigilia shuka kwa ndani. Simu ya binti yangu aliichukua akaiweka kabatini, isije ikamwonyesha nyuso za wanaume. Kwenda msalani kulikuwa kabla ya alfajiri na baada ya isha, na katikati ya hapo ndoo. Chakula kilipelekwa mlangoni. Dini haikusema yote hayo, mie hilo nalijua kwa kile kidogo nilichosoma chuo cha Kurani, lakini ada za kwao zilisema, na nyumba ilikuwa ya kwao.

Mwezi wa kwanza ulikwenda. Binti yangu alisali, alisoma, alilala. Wa pili ukaja na joto. Bati lile halina dari, na Micheweni ni mawe matupu chini, joto likishuka kutoka juu linapanda tena kutoka ardhini. Sahani zikaanza kutoka chumbani kama zilivyoingia. Nilipika uji wa mchele, nilipika mchuzi wa changu, nilimtilia nazi ya kwanza. Akishika kijiko, anakitua. Miguu ikamvimba. Akawa hajibu ila kwa kichwa, na siku nyengine hata kichwa hakitikisi. Muuguzi mmoja mwanamke, jirani yetu, alipitishwa kumwangalia. Alimpima, akatoka uani akatwambia sie wawili kwamba mgonjwa huyu anataka hewa na anataka kula, na kama hapati hewa kula hakutakuja.

Bi Mkubwa alimshukuru, akamsindikiza. Aliporudi nilimwambia tumtoe kidogo kwenye upenu wa nyuma, alasiri, jua likipungua.

"Mkwe," alinambia, "mwanangu yule hana mama, hana baba, hakuacha mtoto mwanamume. Kilichobaki cha kumfanyia ni eda hii. Watu wakipita wakamwona mkewe anapunga upepo, watasema nini?"

Nilijua kwamba si uchungu wa kuazima ule. Lakini na mie nilikuwa na wangu mle chumbani, na kila nikichukua sahani iliyojaa nilikuwa nikifikiri tutatoka msiba mmoja tuingie mwengine.

Mtoto naye alicheza. Nyumba ya boksi niliitengeneza kwa ajili hiyo, apate cha kumkalisha ukumbini asimsumbue mama yake. Siku moja nilimwona amechukua mwanasesere mmoja, amemvisha kitambaa cheupe alichochana kwenye fulana kuukuu, amemweka chumba cha juu peke yake, uso umeelekea ukutani. Uso wenyewe haupo, lakini yeye alijua upande gani ni uso. Nilimuuliza huyo kafanya nini mpaka akatiwa pembeni. Akanambia hakufanya kitu, huyo ni kizuka. Wanasesere wengine walikuwa chini wakila.

Siku mbili tatu baadaye akaja kwangu jikoni.

"Bibi, nataka roshani."

"Roshani ya nini tena? Ghorofa si unayo?"

"Ghorofa za Chake zina roshani. Hii haina. Kizuka wangu hapati upepo."

Nilimwambia tungoje nimalize kuchambua mchele. Alikaa pale pale, akaanza kuchambua na yeye ili nimalize upesi.

Roshani niliianza alasiri ile. Sakafu yake nilikata kwenye boksi la biskuti, vipande viwili nikavibandika kwa uji wa unga ili visipinde. Chini nikasimamisha nguzo mbili za upongoo. Nilipoiweka ikainama mbele kama mtu anayetaka kusinzia, nikaitoa, nikatia mabawa mawili ya kuishika kutoka ukutani. Vijiti vya kizuizi nilivipata kwenye ufagio wa njiti, nikavikata urefu mmoja, nikavichomeka kimoja kimoja, vikatengana sawa kama meno ya kitana. Hapo ilikuwa imekwisha, mtu angeweza kuiacha. Lakini roshani bila ya urembo ni rafu ya vyombo. Wakati wa ujana wangu nilifanya kazi ya kufua kwa watu Wete, na nyumba ile ilikuwa na roshani ambayo chini yake iliteremka mbao nyembamba iliyotobolewa tobolewa mfano wa lesi. Nilikuwa nikianika nguo huku nimeitazama. Basi nilichukua boksi la maziwa, nikalikunja kama watoto wanavyokunja karatasi, nikakata kwa wembe vitundu na ncha, nikalikunjua. Likatoka vizuri kuliko nilivyotazamia. Nikalipaka manjano ya kupikia yaliyokorogwa kwa maji, vijiti pia nikavipaka. Mtoto akapuliza mpaka vikakauka.

Tulikuwa tumekaa ukumbini, mbele ya mlango wa chumba cha binti yangu, ambao ulikuwa na pazia tu. Mtoto akamtoa kizuka wake ghorofani akamkalisha kwenye roshani. Wakati huo Bi Mkubwa akatoka kusali, tasbihi bado mkononi. Akasimama juu yetu.

"Hiyo nini?"

Mtoto akamwambia roshani.

"Na hayo manjano?"

Nikamwambia urembo.

"Mkwe, manjano ndani ya nyumba ya eda? Hii nyumba haipambwi. Hata shuka za maua nimezitoa."

Alisema polepole, hakupandisha sauti. Mie nilishajua kwamba ana haki yake, kizuka havai kilichotiwa manjano, na mie ndiye niliyeyakoroga bila ya kufikiri. Nikanyoosha mkono niing'oe ile lesi. Mtoto akaishika.

"Bi Mkubwa, manjano kavaa nyumba. Yeye kavaa nyeupe."

Bi Mkubwa akainama, akamtazama mwanasesere. Nilidhani atamwambia mtoto aache kujibizana na wakubwa. Badala yake akasema:

"Hana hata macho huyo. Roshani atatazamia nini?"

"Hatazami. Anapata upepo tu."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na Bi Mkubwa mdomo ulimcheza upande mmoja. Akavuta kigoda akakaa. Mtoto alipoona amekaa akajua ameruhusiwa kuuliza.

"Bi Mkubwa, roshani ni ndani au ni nje?"

Bi Mkubwa alikuwa amesomesha watoto Kurani miaka mingi kwao, na hakuwa mtu wa kutoa jawabu la kumtuliza mtoto. Akakishika kile kisakafu kwa kidole, akakibonyeza. Akapapasa pale kilipoungana na ukuta. Akauliza maji yakimwagika hapo yanateremkia wapi, mtoto akasema chini barazani. Akauliza ngazi ya kushuka nje ipo. Mtoto akasema haipo, mtu anaingia kwa ndani na anatoka kwa ndani. Nilimwangalia Bi Mkubwa usoni nikaona amesahau kwamba ni boksi.

"Sakafu ya nyumba," akasema mwisho. "Imeshikwa na ukuta wa nyumba, na mlango wake wa ndani. Basi ni ndani. Aliyepo hapo hajatoka."

"Kwa hiyo akae?"

"Akae. Lakini asitiriwe."

Mtoto akaondoka mbio kutafuta kitambaa cha kuzungushia vile vijiti. Bi Mkubwa akabaki amekaa, akaendelea kuhesabu tasbihi. Baada ya kidogo aliacha. Nadhani lilimjia wakati ule ule lililonijia mie, kwa sababu aligeuza kichwa akalitazama pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa kimya, lakini kimya cha mtu aliye macho. Mie sikutia neno. Ningelisema, ingekuwa nimemtega mtu mzima kwa mdomo wa mtoto, na hilo sikulipanga wala nisingelipenda.

Usiku ule hatukuzungumza habari hiyo. Kesho yake alasiri nilikuwa uani nafua. Nyumba ile nyuma ina upenu, sakafu yake ya saruji imemwagwa pamoja na ya nyumba, na bati linateremka kuifunika. Nikasikia mlango wa nyuma unaguna. Binti yangu akatoka amejifunika kanga nyeupe gubigubi, mkono mmoja umeshika ukuta. Alikuwa na mkeka kwapani. Akatazama chini kwanza, pale saruji inapokwisha, akarudi nyuma hatua, akatandika mkeka ndani ya ile saruji na akakaa. Akafumba macho, na kifua nikakiona kinapanda.

Nilibaki na nguo mkononi inachuruzika maji. Tabu ilikuwa ua. Makuti ya ua upande wa kushoto yalikuwa yameoza tangu marehemu yu hai, pameachwa uwazi wa kupita mbuzi na mtu wake, na uwazi ule unatazama njia wanayopita watu wakitoka pwani kulima mwani. Saa zile ndizo za kurudi. Nikafikiri nitundike shuka, lakini shuka zote zilikuwa majini.

Bi Mkubwa akatokea mlangoni. Alimwona kizuka, akaona ua, akaona njia. Mie nilijitayarisha kwa maneno, nikawa nayapanga ya kumjibu. Akarudi ndani. Nikasema huyu kenda kuvaa buibui aondoke kwao, na watu wa mume wote watajua kwa nini.

Alitoka na mbuzi ya kukunia nazi, sinia na vizio viwili vya nazi. Akapita mbele ya binti yangu bila ya kumtazama, akaenda mpaka kwenye ule uwazi, akaiweka mbuzi katikati yake, akakaa juu yake, mgongo njiani na uso kwetu. Ni mwanamke mpana. Kanga ya juu akaifungua, akaitandaza mabega mawili mpaka ikagusa makuti huku na huku. Akaanza kukuna.

Watu wa mwani wakapita. Wanawake walimsalimu, akawaitikia bila ya kugeuka. Mwanamume mmoja naye akapita, kwa sauti nikamjua ni nani na ni mtoto wa nani. Akatoa salamu, akauliza leo Bi Mkubwa mbona anakunia nazi njiani, jikoni kumeingia nini.

"Jikoni kuna moshi," akasema. "Wewe pita."

Yule bwana akapita anacheka. Bi Mkubwa aliendelea na kizio chake mpaka kikabaki kifuu kitupu, akakiweka chini, akakamata cha pili. Sasa ndipo alipomtazama mke wa mwanawe.

"Unataka nazi?" akamuuliza.

Binti yangu akanyoosha mkono. Bi Mkubwa hakuweza kuinuka, angeacha uwazi, basi akanitazama mie. Nikajifuta mikono, nikaenda nikachukua lile sinia, nikampelekea. Alichota kwa vidole, akatia mdomoni, akatafuna. Akachota tena. Halafu akaniuliza kama kuna sukari.