Msoma Njia wa Mzee Spana

Mzee Spana alipenda magari kupita kiasi, na nani mwingine angekubali kuolewa naye kama si huyu mkewe? Hata kiti cha wageni sebuleni kwao kiling'olewa kwenye gari. Ujanani walishindana pamoja kwenye barabara za vumbi, mume kashika usukani, mke pembeni akimsomea njia: "Kulia kali. Shimo. Nyoosha." Mwili ulipochoka na mbio, mzee akageukia magari ya zamani. Aliyakuta yamegeuzwa mabanda ya kuku, akawabembeleza wenyewe mpaka wakachoka kukataa, akayavuta gereji na kuyafufua. Yale maonyesho yanayofurika watu uwanjani kila mwaka aliyaanzisha yeye, na gari lake jekundu ndilo hutangulia msafara.

Sasa macho yakaanza kumtupa mkono. Hakusema, na mkewe hakuuliza. Mama wa watu akarudia tu kazi yake ya zamani, safari hii kwenye njia ya sokoni: "Taa nyekundu. Baiskeli kushoto. Simama." Mzee anatii, majirani wanamsifu kwa udereva, naye kichwa kinavimba. Binti yao alipokuja kuwatembelea hakudanganyika. Alimvuta mama yake jikoni.

"Mama, baba haoni. Unamficha mpaka lini?"

"Nikimwambia aache, si nitakuwa nimemzika mzima mzima?" mama akajibu, machozi yakimlengalenga.

Siku ya msafara ikafika. Mzee kavaa glavu zake, injini inanguruma, magari mengine yamejipanga nyuma yake. Lakini watu walikuwa wengi mno, kamba ya pembeni imekwisha kukanyagwa, na watoto wamejaa mpaka katikati ya njia. Mama akafungua mdomo asome kama kawaida. Maneno yakagoma.

"Mbona kimya, mama?" mzee akamuuliza mkewe.

"Mbele yetu kuna watoto. Niambie wako wangapi."

Mzee akakaza macho. Akainama mpaka kofia ikagusa kioo.

"Unanitega."

"Sikutegi, baba. Nakuomba uniambie."

Dereva wa nyuma akapiga honi. Mzee akabaki ameinama hivyo hivyo, kisha akazima injini mwenyewe.

"Vicheko vyao navisikia," akasema polepole. "Maisha yangu yote nimewaita watu waje watazame magari. Leo nilitaka kuwakanyagia watoto wao."

Mkewe akamshika mkono. Mzee akavua glavu, akashuka, akaipapasa boneti taratibu akizunguka hadi upande wa pili.

"Sogea kwenye usukani. Leseni unayo."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nitakaa hapa. Wakipunga mkono niambie, nami niwapungie."

Mama akajifuta uso kwa kiganja, akangoja watoto wasogezwe, akatia gia.

"Wanapunga," akamwambia. "Pande zote mbili."