Tiyo Yenye Niliosha Inje Tu

Niko na kosa, ndugu zangu. Musiniambie ni shetani, shetani mumuache kwanza apumzike. Ni mimi. Ni mikono yangu hii na mudomo wangu huu. Zaidi mudomo!

Mimi ni muzee wa Bukavu, wa kule mulimani, pahali bati ya nyumba yako njo inagusa mulango wa mwenzako. Masomo niliachia troisième primaire, darasa la tatu, basi mukiona maneno yanatembea upande, munisamehe. Jina sitaandika. Ni uoga, nakubali.

Kazi yangu ni kasiksi, bia ya ndizi. Marehemu mama, mutu wa Nyangezi, njo alinifundisha. Ndizi zinaiva ndani ya shimo, unazikamua na majani, maji yake matamu tunaita mutobe. Ukiuacha vile, ni kinywaji cha watoto. Ukitia unga wa mutama wa kukaanga na kuufunika, unachemka peke yake, unageuka kasiksi, na wazee wanaanza kuimba nyimbo zenye hawajui mwisho wake. Mama alikuwa anaosha vyombo mpaka unachoka kumutazama. Na alikufa na meno yake yote! Mimi yamebaki ya mbele tu, lakini hiyo si habari yetu.

Mugongo ulipoanza kunikatalia kubeba, nikanunua pompe ndogo ya kura, ni kusema umeme, occasion, imetumikishwa na wengine, pamoja na tiyo yake, ule mupira murefu. Eh! Unatia kichwa ya tiyo mu beseni, unawasha, mutobe unapanda yenyewe mpaka mu bidon, ule mutungi wa plastiki. Majirani walikuja kutazama kama sinema. Nikajiona ingénieur.

Sasa sikia.

Mujukuu wangu Nsimire, binti ya kijana wangu, alikuwa anapokea komunio ya kwanza. Robe nyeupe, gauni ya komunio, ilikuwa tayari, ametufanya tuiangalie mpaka macho yakatuuma. Ile wiki mvua ikanyesha vibaya. Maji yakashuka mulima, yakajaa mu nyumba ya jirani wa chini, yakachanganyika na ya choo chake.

Akapanda kwetu mbio. "Papa, uniazime pompe, watoto wako juu ya meza kama kuku!"

Nikamupa. Kumupa haikukuwa kosa. Ningemuachaje?

Pompe ikarudi ikibaki siku moja tufanye feti, karamu ya komunio, na mutobe unaningoja. Nikachukua sabuni, nikasugua tiyo inje mpaka ikang'aa kama nyoka mwenye ametoka kubadilisha ngozi. Ndani nikapitisha maji baridi kidogo, juu juu, nikasema basi.

Pale njo alikuwa amesimama Mama Neema. (Jina hilo nimemupa hapa, si lake.) Ni mujane wa mudogo wangu, alikuwa anaishi mu parcelle yetu, kiwanja kimoja na sisi, tangu tulipomuzika bwana yake.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo tiyo imemeza maji ya choo. Ngoja nichemushe maji tupitishe ndani. Pompe nayo tuifungue."

"Mbabula zote za makaa ziko na sufuria za feti, mama. Utaweka maji wapi, mu kichwa yako?"

"Basi tubebe na mikono kama zamani. Nitakusaidia."

"Mimi nilikamua ndizi mbele baba yako hajaoa mama yako! Bia inajiosha yenyewe."

Akacheka kidogo. "Bia, ndiyo. Lakini mutobe ya watoto je? Ile ni sukari tu, Shemeji, haina nguvu ya kuosha kitu."

Alisema kweli! Alisema mbele yangu, na nilimusikia! Lakini mutu mwenye jirani wanamuita ingénieur, atafundishwa na mujane? Nikawasha pompe. Na mutobe wa watoto njo ulipita wa kwanza.

Feti ilikuwa nzuri. Mama Neema njo alikuwa anagawa mutobe, kikombe kwa kikombe. Nsimire alikuja kwangu, babu yake, na robe yake, ameshika kikombe na mikono mibili mutobe usimwangike. "Koko, iko tamu. Uambie Mama Neema aniongezee."

Nikasema: "Mumuongezee mutoto!" Mimi. Kwa sauti ya kubwa.

Kisha watoto wakaanza kutapika na kuhara, mumoja, mwingine, nyumba nzima. Sisi wazee tulikunywa kasiksi ya zamani, hatukupata kitu. Wengine walipona. Nsimire, hapana.

Kule hospitali, munganga alinikuta mu korido. "Muzee, huu ni ugonjwa wa maji machafu. Hawa watoto walikunywa nini?"

Unajua nilimujibu nini?

"Sucré, Docteur. Soda za duka tu."

Oh, Mungu wangu! Mutoto bado anapumua kule ndani, na mimi nachunga heshima ya pompe!

Tulipotoka kumuzika, maneno yakaanza. Riziki, mama ya Nsimire, alikuwa amegombana na Mama Neema juu ya kuku. Kuku za Riziki zilikula maharagi ya mwenzake, na Mama Neema akasema kwa hasira, "Utalia siku moja." Nani hajasema vile juu ya kuku? Lakini sasa neno likafufuka.

"Alisema nitalia!" Riziki akapiga kelele mu kiwanja. "Na ni nani aligawa mutobe? Ni nani? Ametutilia karuho!"

Hapa kwetu ukitaja karuho, ile sumu wanasema walozi wanatia mu kinywaji, inaua ao inageuza mutu akili, hakuna mwenye anauliza tena. Watu wanaiogopa kuliko bunduki. Wakamuzunguka.

Mama Neema hakulia. Akanitafuta na macho mpaka akanipata nyuma ya watu.

"Muzee, uwaambie. Uwaambie ile tiyo."

Wote wakageuka. Kijana wangu akageuka, na macho yake mekundu. Na mimi, muzee wa parcelle, nikasema, "Tiyo? Tiyo niliiosha."

Ni hayo tu! Hata si uongo kamili, muone namna mudomo uko mubaya. Niliiosha, ndiyo. Inje.

Wakatupa vitu vyake mu barabara. Kijana mumoja akaanza kuulizia petroli. Pale nikapata sauti: "Mumuache aende tu." Na wakanisifu! Wakasema muzee iko na roho ya Kikristu. Akashuka mulima na kitambaa kimoja kichwani, hakunitazama tena.

Tangu pale sijatengeneza kasiksi. Pompe niliitupa, lakini bado naisikia ikivuta. Nikiwa kanisani naisikia. Nikinywa maji, mikono mibili midogo inashika kikombe pamoja na mimi. "Koko, iko tamu." Muke wangu ananiuliza kwa nini naweka kikombe chini bila kumaliza. Namwambia ni meno.

Miaka imepita hivyo. Juzi nikasikia Mama Neema iko Mudaka, kule inje ya muji, analimia watu. Nikaenda. Alikuwa amezeeka kunipita. Alinipokea, muone! Akanipa kiti, akapika chai. Mbele ya kunipa kikombe, akakunywa yeye kwanza, akameza, akafungua mudomo nione. Kisha akanipa.

"Kwa nini unafanya vile, mama?"

"Kila mutu namufanyia vile, Shemeji. Hata watoto wa jirani. Habari yangu ilinifuata mpaka huku."

Nikapiga magoti. Nikasema yote: tiyo, choo, munganga, yote.

Akanijibu: "Unaniambia mimi? Mimi nilikuwa pale. Uende uwaambie wao."

Nikaenda. Nikaita kijana wangu, Riziki, na watu wa shirika letu, wale wakristu wenye tunasali nao mutaani. Nikasimama, nikasema. Nililia mpaka kamasi. Nikangoja wanipige. Ningefurahi wanipige!

Hakuna mwenye alisogea. Kijana wangu akauliza polepole, kama unaongea na mugonjwa:

"Papa, ulitoka wapi?"

"Mudaka. Kwa mama yako mudogo."

"Na kule ulikunywa nini?"

"Chai," nikasema.

Riziki akaweka mikono kichwani. "Yesu! Amemumaliza na muzee!"

Wakaanza kuniombea. Wakanitia maziwa mu mudomo kwa nguvu ili nitapike karuho. Nikapiga kelele, alikunywa yeye kwanza, alikunywa mbele yangu! Mumoja akasema, unaona namna hawa walozi wako na akili, amemugeuza muzee ajishitaki mwenyewe? Na sasa vijana wanasema wanaenda Mudaka kumuuliza alinifanya nini. Nimetuma mutu amuambie akimbie. Akimbie tena! Mara ya pili, na tena juu yangu!

Njo sababu ninakuandikia wewe mwenye sikujui. Wewe hukukunywa chai ile, labda utaniamini. Kama uko mutu wa mulima wetu na umetambua habari hii, ushuke uwazuie. Jina langu watakutajia wao wenyewe.

Na wewe mwenye unatengeneza kinywaji nyumbani, mutobe, kasiksi, chochote: pompe na tiyo uoshe saa ileile ulimaliza, mbele uchafu haujakauka. Fungua pompe, sugua, pitisha maji ya moto ndani, kisha tundika tiyo mudomo chini ikauke. Mbele ya kuitumia, maji ya moto tena. Na tiyo yenye imegusa maji ya choo ao ya mafuriko, uikate, uitupe, usiirudishe mu chakula hata ikiwa mupya!

Na ukikosa, sema ileile siku, mutu wa kwanza akikuuliza. Wakupige, wakutukane, sema! Mimi niliungoja ukweli mpaka ukakomaa, na nilipoutoa, watu wangu waliona ni sumu.